Barua ya wazi kwa viongozi wa chama changu: mtaa wetu tuliupoteza Oktoba, Novemba ilikuwa kuhesabu tu

Kwenu viongozi wangu wa kata, jimbo, wilaya na mkoa, na nyie wa makao makuu ambao barua za watu wa tawi sijui huwa zinaishia kwa nani, ndo maana hii nimeamua iwe ya wazi.

Desemba 2024

Salaam sana. Mi ni mmoja wa wale mliowadhamini kugombea uenyekiti wa mtaa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa hapa Tanzania, tarehe 27 Novemba tukapigwa. Chama sikitaji, mtaa siutaji, na hakuna jina la mtu humu ndani, sababu nawajua, nikitaja jina moja tu basi kikao kizima kitakuwa cha kumjadili huyo mtu na mimi niliyemtaja, alafu hoja inalala. Wanaohusika watajijua, wasiohusika wasome tu.

Nilisubiri kwanza hasira ipoe. Nilitegemea labda tungeitwa, hata kikao kifupi pale ofisi ya kata, tuulizwe jamani huko kwenu ilikuwaje. Hatujaitwa. Kilichokuja ni tamko, limeandikwa vizuri kabisa, kwamba uchaguzi umevurugwa, wagombea wetu wameenguliwa, na sasa nguvu zote tunaelekeza 2025. Basi. Yaani vijiji, mitaa na vitongoji vya nchi nzima vimefungwa kwa aya moja.

La kuenguliwa sibishi hata kidogo. Nchi nzima CCM, chama tawala, wametangazwa washindi kwenye zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, vijiji navyo hivyohivyo, na 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kabisa baada ya wagombea wao wengi kukatwa. Anayesema mchezo haukuwa wa haki simpingi na wala hii barua haijaja kumtetea mtu. Ila kuna mitaa, na wetu ni mmojawapo, ambayo mgombea hakuenguliwa, karatasi ya kura ilikuwa na jina lake, kura zikahesabiwa watu wanaona, na tukapitwa kwa kura ambazo hazifiki mia. Mitaa ya namna hiyo ndo inaninyima usingizi, maana ilikuwa inachukulika. Ukiichanganya kapu moja na ile tuliyozuiwa kabisa kugombea, hutakaa ujue kilichokuangusha pale ulipopewa nafasi. Na naona kuna watu humo ndani wanapenda tusijue.

Tuanze na Oktoba, maana mimi nasema mtaa ulienda Oktoba.

Kujiandikisha kupiga kura ya mtaa ilikuwa siku kumi tu, tarehe 11 mpaka 20. Ni orodha ya mtaa husika, inasimamiwa na TAMISEMI, ile ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, haina kadi, unafika unaandikwa unaondoka. Sasa mwaka huohuo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi nayo ilikuwa inazunguka mikoani inaboresha Daftari la Kudumu, lile la rais, mbunge na diwani, ambalo ndo lina kadi. Mambo mawili tofauti, mwaka mmoja, matangazo yanapishana redioni, na mwananchi anayehangaika na maisha yake hana sababu yoyote ya kujua lipi ni lipi.

Kuna mama mmoja jirani yangu, mtu mzima wa heshima zake. Nilipompitia kumkumbusha akaingia ndani akatoka na kadi ya mpiga kura, kaihifadhi kwenye nailoni, akanionyesha na picha yake pale. "Mwanangu mi nshajiandikisha zamani, hii hapa, we kahangaike na hao vijana." Nikamwambia mama, hiyo ni ya mwakani, ya mtaa ni nyingine, inabidi ufike kituoni uandikwe upya. Akaniangalia kama namtapeli. Akauliza, kwa hiyo kadi yangu mnaichukua? Ikabidi nikae, nimweleze taratibu, kadi yako ibaki hapohapo kwenye nailoni yake, wewe nenda tu na miguu yako na jina lako. Akaenda. Lakini alienda kwa sababu kuna mtu alikaa naye akamweleza akaelewa. Kwenye mtaa wa watu maelfu, wangapi walikuwa na kadi zao ndani, wametulia, wanajua wao mambo yao yamekamilika?

Na nyie siku hizo kumi mlikuwa wapi? Nauliza kwa nia njema kabisa. Taifa walikuwa kwenye mikutano na waandishi wa habari wanahamasisha watu wajitokeze, sawa, ile klipu tuliisambaza kwenye magrupu. Jimbo walikuwa kwenye mvutano wa nani agombee wapi. Kata hawakuwa na bajeti. Tulipoomba nauli ya vijana wawili watatu wapite nyumba kwa nyumba tuliambiwa tusubiri, hela za kampeni zitakuja kampeni ikianza. Hela za kampeni! Kampeni inaanza orodha ishafungwa, sasa hapo unamshawishi nani? Unamshawishi mtu ambaye hata akikupenda vipi hawezi kukupigia.

Wenzetu wa CCM hawakusubiri. Wana mabalozi wa mashina, yaani viongozi wao wa chini kabisa wa nyumba chache chache, na hapa naomba tuache dharau zetu za kusema balozi ni mambo ya kizamani. Balozi anajua nyumba ipi ina mpangaji mpya, binti yupi katimiza miaka 18 juzi, mzee gani hawezi kutembea mpaka kituoni inabidi atafutiwe bodaboda. Hakupiga kelele, hakuweka spika, alipita na kidaftari chake. Sisi tuna grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili na kitu, nusu yao hawaishi hata mtaani kwetu.

Matokeo yake niliyaona tarehe 27 asubuhi kwa macho yangu. Wale vijana wa kijiweni waliokuwa mstari wa mbele kampeni nzima, waliobeba spika kichwani, waliotunga na wimbo kabisa, wamefika kituoni na fulana wameshavua maana waliambiwa hairuhusiwi kuvaa sare, wako smati, na mmoja akasimama kwenye ile orodha iliyobandikwa ukutani anashusha kidole jina kwa jina, karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, anarudi tena ya kwanza. Hayupo. Akamwita mwenzake amsaidie kutafuta. Na mwenzake hayupo. Wakacheka kwanza, unajua vijana, alafu wakanyamaza, alafu mmoja akaniuliza "bro sa si ungetuambia?" Tuliwaambia. Ila kuwaambia watu kwenye grupu ni kitu kimoja, na kumshika mtu mkono ukampeleka ni kitu kingine, na hicho cha pili kinataka watu na kinataka hela kidogo, Oktoba.

Sasa nije kwenye fomu. Kuchukua na kurudisha ilikuwa 26 Oktoba mpaka 1 Novemba.

Nchi hii hakuna mgombea binafsi. Marehemu Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alipambana na hilo miaka mingi, Mahakama Kuu ikamkubalia, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema hilo ni la Bunge sio la mahakama, akaenda mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha akashinda 2013, na mpaka leo sheria iko vilevile. Maana yake ni kwamba mtu wa mtaani akitaka kuomba kura kwa majirani zake, watu anaozikana nao na kuuguzana nao, lazima kwanza apite kwenu. Hamna njia nyingine. Kwa hiyo mnapochelewesha saini huwa hamchelewi nyie, mnamfungia mtu haki yake ya kikatiba, na mnamfungia kwa sababu ambazo zingine ni aibu kuzisema.

Zangu nitazisema. Tawi lilipiga kura za maoni za kumpata mgombea wetu, nikapita, karatasi za kura zile zipo. Alafu nikaanza kusikia kwamba kuna mwingine "anaangaliwa" na watu wa jimbo. Huyo mwingine hajawahi kulipia kadi yake ya uanachama kwa miaka kadhaa, ila ni mtu wa mtia nia mmoja wa ubunge 2025. Ndo nikaelewa: mtaa wetu haukuwa unagombewa na sisi, ulikuwa unapangwa kama ngazi ya mtu. Ikawa njoo kesho, katibu kasafiri, muhuri umefungiwa kwenye droo, ufunguo kaondoka nao. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ndo muhuri ukapatikana, na nilipatiwa baada ya kuwekwa mbele ya watu kama naomba msaada.

Haraka hiyo ilituumiza kuliko mnavyodhani. Mtaa hauongozwi na mwenyekiti peke yake, kuna kamati, kuna wajumbe, na wajumbe wanawake wana nafasi zao kwenye karatasi ya kura. Sasa muda wote ulioisha kwenye kuvutana juu yangu, hakuna aliyekaa kutafuta wajumbe. Usiku wa mwisho tunapiga simu, "dada naomba jina lako kamili la matatu na umri, usijali ni la kwenye fomu tu." Mtu anaingizwa kugombea hajui anagombea nini! Nafasi zingine tuliziacha wazi kabisa, tumewapa wenzetu bure. Hata ningeshinda, ningekaa kwenye kamati na watu wa kunipinga kila kitu na nyie mngeniita mwenyekiti aliyeshindwa kazi. Mtaa wa jirani mwenzangu fomu yake iliwekewa pingamizi sababu jina kwenye fomu na jina kwenye barua ya udhamini hayafanani, herufi moja. Kosa lilifanyika kwenye ofisi yetu wenyewe. Huyo naye yumo kwenye tamko lenu, kwenye idadi ya walioenguliwa.

Kampeni ilikuwa siku saba, 20 mpaka 26 Novemba. Wiki moja. Kwa mtu aliyekuwa anafahamika mtaani ni muda unatosha, kwa mtu aliyeibuka ni mfupi, ndo ilivyo.

Nyumba kwa nyumba ndo iliyofanya kazi, hilo nalisema bila wasiwasi. Ukikaa na watu wanakwambia wanachotaka na huwa sio kile tulichoandikiwa kwenye zile hoja za kuzungumzia zilizotumwa kutoka juu. Wanauliza barua ya utambulisho kwa nini mpaka uhonge kidogo ndo upigiwe muhuri. Wanauliza mapato na matumizi ya mtaa yatasomwa lini, maana mkutano wa mwisho hawaukumbuki. Mtaro. Taka. Mipaka ya viwanja, hiyo ndo usiguse, ukigusa unakaa mpaka jioni. Akina mama wa vikundi wanauliza ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na mwaka huu ikarudishwa, je safari hii itafika kwa nani, sababu kikundi lazima kijulikane mtaani, kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa akikuchukia imekula kwako. Na kuna swali moja niliulizwa karibu kila kibaraza: mwenyekiti halipwi mshahara, mwenye mshahara ni mtendaji, sasa wewe unautaka wa nini huo uenyekiti? Swali zuri hilo. Nilikuwa najibu kwamba nataka yale mapato na matumizi yabandikwe ukutani ofisini kila mtu ayasome, na wasioweza kusoma wasomewe mkutanoni. Watu walikuwa wanatulia wanasikiliza, wengine walinicheka, ila walisikiliza.

Alafu akaja mgeni kutoka juu. Tunashukuru kwa kuja, gari lilikuwa zuri, watu walijaa. Kaongea muda mrefu sana, katiba mpya, tume huru, bandari, maisha kupanda, yote ya kweli na watu walishangilia. Ya mtaa hakugusa hata moja. Mwishoni kabisa jua linazama kaninyanyua mkono, akasema "mpeni kura huyu kijana awe mwenyekiti wenu wa mtaa wa..." akataja mtaa mwingine. Umati wote ukamrekebisha kwa sauti moja. Tulicheka na yeye akacheka, yakaisha. Ila kesho yake napita nyumba fulani mzee mmoja ananiambia kwa upole tu, "hao wakubwa zako hawajui hata uko wapi, sisi tukiwa na shida utampigia nani simu?" Sikuwa na jibu la kumpa yule mzee, na sina mpaka leo.

Hiyo siku moja ya mkutano, gari, mafuta, spika, jukwaa na msafara, gharama yake ingetulipia vijana wa kupita nyumba kwa nyumba siku zote kumi za Oktoba na chenji ingebaki. Nimeikokotoa mara nyingi kichwani na kila nikiikokotoa jibu ni lilelile.

Siku ya kura. Mawakala. Hapa naomba mnisome vizuri.

Wakala lazima aapishwe kabla, na majina lazima yawe yameshapelekwa. Majina yetu sisi tawi tuliyaandika mapema, tukayapeleka kata, yakakaa. Yalipofika kwa wanaohusika mengine yalikuwa yamebadilishwa, sababu kuna mtu kata naye alikuwa na watu wake wa kuwapatia posho, na hao watu wake asubuhi ya tarehe 27 wengine hawakutokea. Kwa hiyo kuna chumba cha kupigia kura kwenye mtaa wetu ambacho hatukuwa na wakala mpaka saa sita huko, na dada wetu mwenye kujua kila sura ya mtaa ule alikuwa amekaa nje ya geti, hajaapishwa, haruhusiwi kuingia. Alikaa pale nje kutwa nzima. Nani alipiga kura zaidi ya mara moja na nani hakai mtaani kwetu, yeye ndo angejua. Aliyekuwa ndani alitoka kata nyingine, anafahamu nini? Sasa mtu akiniuliza kama tuliibiwa kwenye chumba kile namjibu sijui, na sijui kwa sababu hatukuwa na macho mle ndani. Kwenda kulalamika unatakiwa uwe na fomu ya matokeo yenye saini ya wakala wako na maelezo yake ya alichokiona. Sisi tuna maelezo ya mtu aliyekaa nje ya geti.

Na mawakala waliokaa ndani mpaka mwisho, mpaka kura ya mwisho imehesabiwa kwa tochi za simu, hawajalipwa. Tuliwaahidi kwa mdomo wa chama. Wananipigia mimi, sio nyie. Nimeshawapa nilichokuwa nacho mfukoni kwangu na sikisemi hapa ili mnirudishie. Nasema ili mjue kwamba 2025 mtakapokuja kuomba mawakala kwenye mtaa huu, hao ndo watu wenyewe, hakuna wengine, na wana kumbukumbu nzuri tu.

Najua kwa nini mambo yako hivi na sidhani ni ubaya wa roho. Ni hesabu. Ruzuku ya serikali kwa vyama inaangalia wabunge na kura za uchaguzi mkuu. Mwenyekiti wa mtaa hakiingizii chama hata senti, kwa hiyo kwenye vitabu vyenu sisi ni gharama, na mtu yeyote mwenye hela kidogo akilazimika kuchagua kati ya jimbo na mtaa anachagua jimbo. Naelewa. Ila hizo kura za jimbo mnadhani zinatoka wapi? Zinatoka kwa yule mama wa kadi kwenye nailoni. Anayemjua kwa jina ni mtu wa mtaani, na mtu wa mtaani mkimtumia wiki moja kila miaka mitano alafu mkamtupa, mkirudi mwakani mtamkuta keshachoka. Mnaongelea 2025 kama vile ni kitu kinachoanzia juu. Katiba yenyewe ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na sisi tunaisoma kila siku kuwapiga nayo walioko serikalini, sijawahi kusikia mtu kaisoma kwenye kikao cha chama kuuliza sisi wenyewe tumepeleka nini kwenye tawi.

Grupu letu la kampeni wiki ya kwanza baada ya matokeo watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja, fulani ametoka, fulani ametoka. Nikaacha, sikumbembeleza mtu. Wamebaki wachache, na hao wachache ndo walioandika nami hii barua, ingawa Kiswahili kibovu ni changu. Hatujahama chama. Tumeshafuatwa, sio siri, na hao waliotufuata walikuja mpaka nyumbani kwa mtu, jambo ambalo nyie hamjalifanya.

Tunachotaka kinatekelezeka na kingine hakina hata gharama. Kitu cha kwanza mtulipie mawakala, majina na namba za simu anazo katibu wa kata, kabla hamjaanza ziara yoyote ya kutia nia. Alafu orodha ya walioenguliwa mnayotumia kwenye matamko ichambueni, wale waliokatwa kwa hila wawekeni kwao na wale waliokatwa kwa makosa ya ofisi zetu wawekeni kwao, hata kama hiyo ya pili hamtaitangaza, iwepo tu ndani mjue nani alikosea kuandika jina la mtu. Kura za maoni za tawi zikishapigwa jimbo wasiziguse bila kuja tawini kusema sababu mbele ya wanachama waliopiga. Muhuri usikae kwa mtu mmoja. Na mtupe ruhusa, ruhusa tu hela tutatafuta, tuanze sasa hivi kuandika kidaftari chetu cha mtaa, nyumba kwa nyumba, nani yuko kwenye Daftari la Kudumu na nani hayuko, nani kahama, nani katimiza umri, maana safari hii kadi ndo yenyewe inayohesabika na watu wetu wengi wa Oktoba hawana hiyo pia. Uchaguzi wa mitaa mwingine ni 2029, miaka mitano, mtu anaweza kusema mapema mno. Wenzetu balozi wao hajapumzika, jana nimemwona anapita anasalimia wapangaji wapya.

Kuhusu mimi kugombea tena sijaamua, mke wangu ana kauli yake juu ya hilo na ni kauli nzito. Ila kidaftari nimeshakianza, nina nyumba za mtaa wa juu zote na nusu ya mtaa wa chini. Mkitaka kukiona njooni tawini Jumapili yoyote baada ya saa kumi, huwa tupo, na ninaomba aje mtu mwenye mamlaka ya kuamua, asitumwe mtu wa kuja "kutusikiliza."

Wenu,
aliyekuwa mgombea uenyekiti wa mtaa, na wanachama wa tawi waliobaki